Namna ya kupima kama nchi iombe uenyeji wa mashindano makubwa ya soka: mwongozo kwa msomaji wa Kigoma

Tarehe 27 Septemba 2023, Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) ilikutana Cairo na kuzipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la mwaka 2027, kufuatia ombi lao lililoitwa Pamoja. Agosti 2025 nchi hizo hizo ziliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nyumbani kwao, na Taifa Stars wakayafungua kwa kuichapa Burkina Faso 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tangu hapo swali la kama nchi iombe uenyeji au iache limetoka vijiweni na kuingia katika vitabu vya bajeti, na halitaishia kwenye AFCON moja. Kesho litaulizwa kuhusu mashindano ya wanawake, keshokutwa ya vijana, na wapo wanaolitaja hata Kombe la Dunia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayekaa Mwanga, Ujiji, Kasulu au Kibondo, na pia kwa jirani yake wa Tabora, ambaye kodi yake imo katika uamuzi huo lakini uwanja wa karibu wa mashindano uko safari ya siku nzima au zaidi kutoka kwake. Mtu wa namna hiyo ana nafasi nzuri ya kupima jambo hili, kwa sababu hatauziwa tiketi wala hana nyumba ya wageni karibu na uwanja. Atazitazama mechi katika kibanda umiza, amebanwa kwenye benchi la mbao, jenereta likinguruma nje kwa hofu ya umeme kukatika, na kiingilio chake kitakuwa kile kile mechi ikichezwa Dar es Salaam au Rabat. Kwa hiyo anaweza kuuliza bila haya: kitu gani kinabadilika kwangu mashindano yakiwa hapa nchini badala ya kuwa kwa wengine?

Kwanza, jua ni mashindano gani yanayozungumzwa

Mijadala mingi huharibika mapema kwa kuchanganya mashindano ya ukubwa tofauti, kana kwamba "kuandaa" ni kitu kimoja. Kabla ya kubishana, taja jina la mashindano, idadi ya timu na idadi ya viwanja.

Mashindano ya AFCON ya vijana chini ya miaka 17, ambayo Tanzania iliyaandaa Aprili 2019, yalikuwa na timu 8, na viwanja viwili vya Dar es Salaam, ule wa Taifa na ule wa Chamazi, vilitosha. AFCON ya wakubwa ina timu 24 na mechi 52, na wenyeji wa mashindano ya 2019, 2021 na 2023, yaani Misri, Kamerun na Ivory Coast, kila mmoja alitumia viwanja sita. Kombe la Dunia ni ulimwengu mwingine kabisa. Kwa mashindano ya mwaka 2030 na 2034, FIFA ilitaka viwanja visivyopungua 14, kila kimoja kikiwa na viti visivyopungua 40,000, vya nusu fainali viti 60,000, na vya mechi ya ufunguzi na fainali viti 80,000. Uwanja wa Mkapa, ambao ni mkubwa kuliko vyote tulivyo navyo, unachukua watu 60,000. Ukivikusanya viwanja vikubwa vya Tanzania, Kenya na Uganda pamoja, bado hupati hata kimoja cha kuchezea fainali hiyo. Suala la Kombe la Dunia, kwa maoni yangu, linaishia hapo kwa kizazi hiki, na mtu asipoteze jioni yake kulijadili.

Fahamu pia nani anaomba na nani anaamua. Anayeomba ni shirikisho la soka la nchi, kwetu TFF, si serikali, na FIFA huzifungia nchi ambazo serikali zake huingilia mashirikisho. Hata hivyo ombi halina uzito bila barua za serikali, na fedha nyingi zinatoka serikalini. Mwenyeji wa AFCON huchaguliwa na Kamati ya Utendaji ya CAF. Wa Kombe la Dunia, tangu kura ya mwaka 2018, huchaguliwa na mkutano mkuu wa mashirikisho yote wanachama wa FIFA. Ndiyo kusema, chombo kinachoomba hakilipi, na chombo kinacholipa hakina kura mahali uamuzi unapofanyika. Weka jambo hilo akilini, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini makadirio ya gharama wakati wa kuomba huwa madogo sana.

Andika orodha, kisha uyafute mashindano

Hii ndiyo kazi yenyewe, na yafaa ifanywe kwa kalamu na karatasi. Upande wa kushoto orodhesha kila kitu kinachosemwa kuwa kitajengwa au kununuliwa kwa ajili ya mashindano: viwanja vya mechi, viwanja vya mazoezi, barabara, viwanja vya ndege, hoteli, hospitali za rufaa, taa, jenereta za akiba, kamera za ulinzi, mageti ya kielektroniki. Kisha mbele ya kila kimoja jibu swali moja tu: kama barua ingekuja kesho kusema mashindano yamehamishiwa nchi nyingine, je, tungeendelea kukijenga?

Vitu vitakavyojibiwa "ndiyo" viondoe katika hesabu, pande zote mbili. Si gharama ya mashindano na wala si faida yake. Chukua reli ya kisasa. Kipande cha Tabora hadi Kigoma kinajengwa kwa sababu ya shehena za Kongo na Burundi, na kwa sababu reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, imechoka. Mpira haumo humo. Atakayesimama jukwaani na kuihesabu reli hiyo kuwa tunda la soka anakuuzia mali ambayo ni yako tayari. Vivyo hivyo kwa upanuzi wa uwanja wa ndege na kwa hospitali zilizokwisha kuwekwa katika mipango ya maendeleo. Lakini kanuni hii inawabana na wapinzani wa uenyeji: asiwepo mtu wa kujumlisha barabara, reli na mitambo ya umeme kisha akadai kwamba mpira umekula matrilioni.

Vitu vitakavyojibiwa "hapana" ndivyo bei halisi ya mashindano. Humo utakuta viti vya ziada visivyo na wa kuvikalia siku za kawaida, vyumba vya wageni mashuhuri, vituo vya waandishi wa habari, mabango, sherehe za ufunguzi, ulinzi wa mwezi mzima, na pengine ada ambayo mwenyeji hulilipa shirikisho la bara. Uliza kama ada hiyo ipo na ni kiasi gani. Mara nyingi haitajwi mpaka mtu aulize.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo lenye ubishi wa haki: vitu vya "ndiyo, lakini si sasa". Uwanja wa Amaan kule Zanzibar ulihitaji matengenezo, na mapema au baadaye ungetengenezwa. Taa za uwanja, nyasi bora na vyumba vya kubadilishia nguo vilivyo safi ni vitu ambavyo ligi yetu ilivihitaji hata bila mgeni yeyote. Mashindano huleta tarehe isiyosogezeka, na sote tunajua miradi ya umma isiyo na tarehe huishia wapi. Hoja hiyo ni ya kweli na kwangu ndiyo hoja bora kuliko zote za wanaotaka tuombe. Ila tarehe ile ile humnufaisha mkandarasi: akijua kwamba lazima ukabidhi uwanja kabla ya wakaguzi wa CAF kufika, bei ya saruji na ya saa za usiku hupanda, nawe huna muda wa kutangaza zabuni upya. Kwa hiyo kila kilicho katika kundi hili kipe bei mbili, ya kukijenga kwa mwendo wa kawaida na ya kukijenga kwa haraka. Tofauti kati ya bei hizo ihesabiwe kuwa gharama ya mashindano.

Mfano wa nchi iliyoifanya hesabu hii vizuri ni Moroko. Mwaka 2004 ilishindwa na Afrika Kusini kwa kura 14 kwa 10 katika kuwania Kombe la Dunia la 2010. Viwanja vya Marrakech, Tangier na Agadir vilifunguliwa hata hivyo, kati ya mwaka 2011 na 2013, kwa kuwa miji hiyo ilivitaka. Ikashindwa tena mwaka 2018, kura 134 kwa 65, mbele ya Marekani, Kanada na Mexico. Sasa ni mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2030 pamoja na Hispania na Ureno. Sisemi kwamba kila dirhamu ilitumika vyema, ila nchi inayoweza kushindwa kura na bado ikabaki na kitu mkononi ilikuwa imeomba kwa sababu zinazosimama zenyewe.

Fuata fedha, na zaidi ufuate sahihi

Katika miaka minne iliyoishia na Kombe la Dunia la Qatar, yaani 2019 hadi 2022, FIFA ilikusanya zaidi ya dola bilioni 7.5 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa ni haki za matangazo ya televisheni na udhamini. Fedha hizo ni za FIFA, na sehemu yake hurudi kwa mashirikisho na timu kwa utaratibu wa FIFA yenyewe. Uwanja, ulinzi na barabara ni juu ya mwenyeji. CAF nayo, kwa kiwango chake, huuza haki za matangazo na za udhamini wa AFCON. Ni sawa na ukoo kumwomba mtu afanyie harusi nyumbani kwake kwa sharti kwamba michango yote itachukuliwa na kamati, naye abaki na bili ya maturubai. Anaweza kukubali kwa heshima ya ukoo, lakini asije akamwambia mkewe kwamba anafanya biashara.

Usichanganye pia zawadi za timu na faida ya uenyeji. Ivory Coast ilipotwaa AFCON kwenye ardhi yake Februari 2024, kwa kuifunga Nigeria 2-1, ilipata dola milioni 7 kwa kuwa bingwa. Ingezipata fedha hizo hizo kama ingetwaa kombe mahali pengine popote.

Zaidi ya fedha kuna dhamana. Anayeomba Kombe la Dunia hutakiwa kupeleka barua za serikali zinazoahidi misamaha ya kodi, viza, ulinzi, uhuru wa kuingiza na kutoa fedha za kigeni, na kulinda alama za wadhamini. Ukipata nafasi ya kuuliza swali moja tu, liwe hili: nani ametia sahihi, na je, Bunge limeona alichokitia sahihi? Jiji la Chicago, lenye uwezo ambao nchi nyingi hazina, lilijitoa mwaka 2018 katika orodha ya miji ya Kombe la Dunia la 2026, likisema kwamba FIFA haikuwa tayari kujadili masharti na kwamba walipa kodi wake wangebebeshwa hatari isiyojulikana mwisho wake. Colombia ilikwenda mbali zaidi. Ilikuwa imepewa Kombe la Dunia la 1986, na mwaka 1982 Rais Belisario Betancur akalirudisha, akisema nchi ina mahitaji mengine ya kutangulizwa. Mexico ikalichukua, na dunia ikaendelea.

Masharti hayo huweza kufika mpaka kwenye sufuria ya mama lishe. Brazil ilipoandaa Kombe la Dunia la 2014 ililazimika kutunga sheria maalumu iliyoruhusu bia kuuzwa viwanjani, ingawa nchi ilikuwa imeizuia, na iliyoweka eneo la kuzunguka viwanja ambamo wadhamini wa FIFA ndio wenye haki ya biashara. Wanawake wa jiji la Salvador nchini humo wanaouza acarajé, kitafunwa cha kunde kinachokaangwa kwa mafuta ya mawese, iliwabidi wapambane ndipo wakaruhusiwa kuuza karibu na uwanja wa Fonte Nova. Msomaji wa Kigoma, ambaye anayajua mawese na anawajua kina mama wanaokaanga migebuka na kuchoma mahindi nje ya Uwanja wa Lake Tanganyika siku ya mechi, hahitaji maelezo ya ziada. Unapoambiwa kwamba wafanyabiashara wadogo watanufaika, omba kuona ramani ya eneo lililozuiliwa.

Hesabu siku za uwanja baada ya wageni kuondoka

Hesabu hii ni nyepesi na inashangaza kwamba haifanywi. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kwa hiyo kila timu hucheza mechi 15 nyumbani kwa msimu. Uwanja wenye timu moja ya Ligi Kuu unatumika siku 15 katika mwaka, ongeza mechi chache za Kombe la Shirikisho na za timu ya taifa, na pengine tamasha moja au mawili na mkutano wa hadhara. Katika siku hizo 15, ni mbili ndizo zinazojaza: siku anayokuja Simba na siku anayokuja Yanga. Nenda Lake Tanganyika siku Mashujaa wanapocheza na timu ya katikati ya msimamo, au Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, uhesabu vichwa mwenyewe kwenye jukwaa la jua. Kisha jiulize uwanja wa viti 30,000 katika mji usio na Simba wala Yanga utalipaje maji ya nyasi.

Uwanja mpya wa Arusha, ambao msukumo wake ni AFCON 2027, ni wa ukubwa huo. Sisemi usijengwe, Arusha ina watalii, ina mikutano ya kimataifa, na kaskazini yote haikuwa na uwanja wa hadhi hiyo. Nasema tu kwamba jina la atakayeulipia mwaka 2030 liandikwe kabla ya jiwe la msingi, si baada.

Mifano ya waliochelewa kuliandika jina hilo ni mingi. Ureno ilitumia viwanja kumi kwa Euro 2004. Aveiro na Leiria zikabaki na viwanja vikubwa kuliko timu zao, na Leiria ikafikia hatua ya kuupiga mnada wake, mnunuzi asitokee. Manaus, mji wa Brazil ulio katikati ya msitu wa Amazon, ilijengewa uwanja wa zaidi ya viti 40,000 kwa mechi nne za Kombe la Dunia, ilhali haikuwa na timu ya daraja la juu. Cape Town ilijenga uwanja kwa takriban randi bilioni 4.4, na ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya timu kubwa ya raga ya mji huo kuhamia hapo, mwaka 2021. Cape Town ni jiji tajiri, linaweza kusubiri. Sisi tukisubiri miaka kumi, viti vitakuwa vimefifia na jua na shaba ya nyaya itakuwa imekwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Wala matengenezo si jambo la kudhania kwamba yatajipanga yenyewe. Mei 2025, Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Moroko, mechi ya marudiano ilihamishwa kutoka Mkapa kwenda Amaan, Zanzibar, kwa kuwa eneo la kuchezea la Mkapa lilionekana halifai kwa wakati ule. Nchi iliyokuwa imebakiza miezi miwili na kidogo kufungua CHAN kwenye uwanja huo huo ilishindwa kuchezea hapo fainali ya klabu yake. Nyasi hazijui kwamba uwanja ni wa taifa. Zinataka maji, mbolea, mapumziko, na mtu anayelipwa kila mwezi kuzitunza. Katika bajeti ya ombi lolote, tafuta mstari wa matengenezo ya miaka kumi. Usipouona, gharama uliyoonyeshwa haijakamilika.

Wageni wanaohesabiwa mara mbili

Afrika Kusini ilipokea takriban wageni 310,000 kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, huku makadirio ya awali yakiwa zaidi ya 400,000. Kosa hilo ni la kawaida, na chanzo chake ni kuwahesabu wanaokuja bila kuwatoa wanaoacha kuja. Kwetu jambo hili lina sura yake. Mashindano yakiangukia Juni na Julai, huo ni msimu wa juu wa watalii kaskazini: vitanda vya Arusha hujaa, na watalii wa Serengeti huwa wamelipia mapema. Shabiki akichukua kitanda ambacho mtalii angelala, nchi imebadilisha mgeni tu, na huenda imepata anayetumia kidogo zaidi. Hesabu ya haki inawahitaji wageni wa ziada, siyo wageni wote.

Kwa Kigoma, sitegemei wageni wengi. Labda mashabiki wa Kongo watavuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira kupanda treni ya Dar es Salaam timu yao ikipangwa huko, na wenye nyumba za wageni karibu na stesheni watawapokea. Hilo likitokea ni heri, ila lisiandikwe katika makadirio.

Pima pia uwezekano wa kunyang'anywa

Uenyeji unaweza kuondolewa baada ya fedha kuanza kutumika. Kenya ilipoteza AFCON ya 1996, iliyokwenda Afrika Kusini, na CHAN ya 2018, iliyokwenda Moroko. Kamerun ilinyang'anywa AFCON ya 2019 Novemba 2018, miezi michache kabla ya mashindano, ikapewa ile ya 2021 badala yake. Guinea nayo iliondolewa uenyeji wa AFCON ya 2025. CHAN yetu yenyewe ilikuwa ifanyike Februari 2025, ikasogezwa hadi Agosti kwa kuwa maandalizi hayakuwa yamekamilika. Anayesema "tukishapewa, yametimia" hajaifuatilia historia hii.

Na ukaguzi ufanywe katika hali mbaya, si siku ya jua na zulia jekundu. Tarehe 12 Septemba 2023, mechi ya kirafiki ya Ivory Coast na Mali ilivunjwa mapumziko kwa sababu uwanja mpya wa Ebimpé, Abidjan, ulikuwa umejaa maji ya mvua, miezi minne kabla ya AFCON. Aibu ile iliwapa muda wa kurekebisha. Kamerun haikupata bahati hiyo: Januari 24, 2022, watu wanane walikufa katika msongamano nje ya Uwanja wa Olembe, Yaoundé, penye geti lililopaswa kuwa wazi nalo limefungwa. Kwa hiyo unapokagua ombi, usivutiwe mno na paa. Uliza mageti ni mangapi, funguo anashika nani, na mara ya mwisho uwanja ulijaa lini bila watu kusukumana.

Nilivyoipima mimi, na namna ya kuuliza

Nikiifuata njia hii, mashindano ya vijana na ya wanawake yanapita kwa urahisi, kwa kuwa viwanja vyake tunavyo, na tuyaombe. AFCON ya kugawana nchi tatu inapita kwa masharti, maana viwanja sita vikigawanywa kwa watatu mzigo unabebeka. AFCON ya peke yetu haipiti. Msomaji anaweza kupata jibu jingine, hasa akiipa furaha uzito mkubwa kuliko nilioupa. Furaha ni hoja halali. Usiku Stars walipoingia robo fainali ya CHAN, Mwanga haikulala mapema, na hata kufungwa 1-0 na Moroko hakukuufuta usiku ule. Serikali inaweza kununua furaha kama inavyonunua mwenge na sherehe za Muungano. Kinachokataliwa ni kuinunua kwa risiti iliyoandikwa "uwekezaji".

Maswali haya yana mahali pake. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaweza kuhudhuria na kumwomba diwani wake aulize. Hotuba ya bajeti ya wizara inayosimamia michezo husomwa Dodoma kati ya Aprili na Juni, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Zote hupatikana kwenye tovuti za serikali. Zisome kabla ya kumwandikia mbunge, ili swali lako liwe na namba ya fungu. Mbunge anayeulizwa "je, Kigoma tutanufaika?" atajibu ndiyo. Anayeulizwa fungu gani limetengwa kwa matengenezo ya viwanja baada ya mashindano, na ni kiasi gani kati yake kitafika kwenye uwanja wa mkoa, itambidi afungue kitabu.

Mkoa ulio mbali uombe vitu vidogo vinavyoshikika, kabla barua ya dhamana haijatiwa sahihi. Viti na taa zinazobadilishwa katika viwanja vikubwa vipelekwe mikoani badala ya kupigwa mnada. Makocha na waamuzi wa Kigoma na Tabora wapewe nafasi zinazotajwa kwa idadi katika mafunzo yanayoandamana na mashindano. Haki za matangazo ziachie mechi za timu ya taifa zionekane bure kwenye televisheni ya umma. Kila ombi liwe na jibu la maandishi, na lolote litakalojibiwa kwa mdomo tu, liandike kwenye karatasi yako katika safu ya "hapana".